Ng'ombe wa Kiringye na Kebo ya Juu ya Uzio

Magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Yalianza kulalamika kwenye njia ya kilima kilicho nyuma ya mji, pale uliposimama mnara wetu, na mwisho yakakataa ngazi kabisa, huku mimi mwenyewe bado nikijiona kijana. Ofisi ikanipa keki, kofia mpya ya kijani ambayo sina tena kazi ya kuivaa, na hotuba ambamo mkurugenzi alikosea jina langu la pili. Kisha nyinyi vijana wa ufundi mkanishika mlangoni mkaniambia niandike niliyoyaona. Naandika. Habari za vyeo nitaziruka, kwa sababu zisingejaza mstari, na za mshahara nitaziruka kwa sababu nataka tuendelee kucheka.

Nilikuja kazini na shahada ya fizikia kutoka Bukavu, pamoja na kazi ya mwisho wa masomo niliyoiandika juu ya mawimbi. Nilikuwa nimeipiga jalada gumu la bluu, na siku ya kwanza niliibeba mfukoni, nikidhani mtu ataiomba. Aliyenipokea ni mkuu wa mafundi, Papa Déo, mhandisi aliyesomea Lubumbashi. Aliifungua, akasoma ukurasa mzima akiwa amesimama, akasema iko muzuri sana. Kisha akainama akaisukuma chini ya betri iliyokuwa inayumba. Betri ikatulia.

"Usiumie roho," akaniambia. "Yangu iko chini ya ile betri ingine."

Wakati ule intaneti ya Uvira ilikuwa ni sahani moja kubwa ya setilaiti nyuma ya ofisi, na chumba kimoja chenye kompyuta ambamo watu walipanga foleni. Mteja alibonyeza picha aliyotumiwa na ndugu yake, akatoka nje, akanunua ndagala wa kukaanga, akala, akanawa mikono, akarudi akakuta picha imeshuka kutoka nywele hadi pua. Wengi waliwafahamu wajukuu wao wa ng'ambo kwa sehemu hiyo tu. Kidevu kilikuwa anasa.

Kisha tukaanza kuwafungia watu intaneti majumbani. Mji wetu ni kama umejengwa kwa kazi hiyo: mlima nyuma, ziwa mbele, nyumba zimebanwa katikati, na ukisimama kilimani unaona mabati yote. Ukiweka antena ndogo juu ya bati, ikautazama mnara bila kitu katikati, mambo yamekwisha. Kujua kama kweli hakuna kitu katikati ndiyo ilikuwa kazi. Papa Déo alinipa kioo cha kunyolea. Nilipanda juu ya nyumba ya mteja, nikaelekeza mwanga wa jua kilimani, na yeye huko juu akasema kwa redio ya mkononi kama ameuona mwanga. Kioo kile hakikuhitaji betri wala programu mpya. Hasara yake ni kwamba mtaa mzima wa Mulongwe ulinijua kama fundi anayepanda juu ya nyumba za watu kujitazama.

Alinifundisha pia swali moja, na hilo ndilo ninalowaachia nyinyi. "Usimuulize mteja anataka kasi gani," alisema. "Atakuambia kubwa. Muulize anataka kumuona nani."

Kesi ngumu hazikukosekana. Kiangazi nilifunga antena nyumba kwa nyumba kule Katogota, kila moja safi kabisa, nikarudi mjini nikijisifu. Mvua ilipokuja, migomba ikanyanyuka mbele ya antena zangu kama watu wanaosimama kuimba kanisani, na simu za malalamiko zikafuata. Nilikuwa nimesoma mawimbi miaka mingi bila ukurasa mmoja juu ya migomba. Kulikuwa na wateja wa kando ya ziwa, ambao rezo yao, yaani mtandao, ilikuwa nzuri siku za upepo na mbaya siku za utulivu, kwa sababu maji yakilala yanageuka kioo na kurudisha mawimbi yasipotakiwa. Jaribu kumweleza mzee wa Kalundu kwamba intaneti yake imeharibika kwa sababu leo ziwa ni zuri. Kulikuwa pia na siku ambazo mji wetu ulikuwa na mambo mazito kuliko intaneti. Hizo mnazijua, na sitazichanganya na hadithi za ng'ombe.

Kisha ikaja kampuni ya pili. Tuliwaita Kofia Nyeupe, kama wao walivyotuita Kofia za Kijani. Walisimamisha mnara wao pembeni ya wetu, uzio mmoja wa waya katikati, na wakahakikisha umeuzidi wetu kwa urefu wa mtu. Tukaongeza chuma. Wao wakaongeza. Ilifika mahali marubani wa ndege ndogo wangetuandikia barua, kama wangejua pa kuipeleka. Tuligawa ruta bure, wao wakafunga bure, sisi tukapaka rangi hadi ukuta wa mteja uliotobolewa. Mama mmoja wa Mulongwe aliweka antena zote mbili juu ya bati lake, ya kijani na nyeupe. Moja haikuunganishwa na kitu chochote. Aliiweka ili kila kampuni ikija iione ya mwenzake na ijirekebishe, na kweli tulijirekebisha. Hajawahi kuniambia ni ipi iliyokuwa ya uongo.

Mkuu wa mafundi wao alikuwa Byamungu, tuliyesoma naye darasa moja Bukavu. Kila asubuhi tulisalimiana kupitia uzio.

"Mwanafizikia! Wateja wako bado wako hai?"

"Wako hai. Wanakuulizia. Wanasema ulipotea na rezo yako."

Ndivyo mambo yalivyokuwa siku mteja wetu Mama Neema aliponiita nyumbani kwake Kavimvira.

Nilikuwa nimemfungia antena mwenyewe siku chache kabla, na nilipomuuliza lile swali la Papa Déo, alijibu bila kufikiri: "Shemeji yangu." Mumewe, Yosua, alifariki binti yao Neema akiwa bado mdogo. Kaka mkubwa wa Yosua, ambaye wote walimwita Baba Mukubwa, alikuwa Kanada tangu zamani. Kwa desturi ya ukoo huo, yeye ndiye aliyesimama mahali pa baba, na hakuna neno la mahari lililokuwa neno mpaka yeye aseme. Kusafiri hakuweza, maana alikuwa amepasuliwa nyonga. Na sasa Neema alikuwa amepata mchumba, Musafiri, muuguzi, mtoto wa wakulima wa Kiringye.

Mambo mengi ya mahari yalikuwa yamekwisha kusemwa kwa simu. Lilibaki moja: ng'ombe wa baba. Huyo hasemwi, anaonwa. Anatembezwa mbele ya mwenye kumpokea, akienda na akirudi, na akikubaliwa ndipo binti anatolewa chumba cha ndani aonyeshwe. Kabla ya hapo binti haonekani. Baba Mukubwa alikuwa amechunga ng'ombe Lemera ujana wake wote na hakutaka kusikia habari za picha.

"Picha ya ngombe ni picha," alisema. "Minye nataka miguu."

Kwa hiyo Jumamosi, mchana kwetu na asubuhi kwake, wazee wa pande mbili walikaa sebuleni kwa Mama Neema, mbele ya televisheni ya ukutani niliyoiunganisha, ambamo Baba Mukubwa alionekana kutoka Kanada. Kule Kiringye, kaka yake Musafiri, ambaye ni mwalimu, alisimama uwanjani na simu ya video, chini ya antena ya Kofia Nyeupe, maana sisi Kiringye hatukufika. Pembeni yake mchunga ng'ombe wao, Mzee Rukema, alishika kamba. Neema alikuwa chumba cha ndani, amevaa kitenge kipya, nyuma ya pazia ambalo lilikuwa linapumua.

Ng'ombe akaanza kutembea. Alipiga hatua, akaganda. Akaruka mbele bila kupita katikati. Akaganda tena, mguu mmoja hewani, kichwa kimegeuka miraba.

Baba Mukubwa akasogeza uso kwenye skrini yake. "Hii ngombe iko inachechemea."

Mzee Kitoga, baba yake Musafiri, akanyanyuka. "Hapana, Mukubwa! Ni rezo!"

"Rezo iko na miguu?"

"Minye nakuapia, ngombe ni muzima!"

"Weye unaniapia nini? Nimechunga ngombe weye ukiwa bado unanyonya! Munaleta ngombe kilema sababu mutoto hana baba?"

Hapo ndipo rezo ilipokata, na Baba Mukubwa akabaki ukutani, mdomo wazi, kidole juu. Neno lake lilikuwa zito. Mzee Kitoga alichukua kofia yake. Wazee wake wakachukua za kwao. Mama Neema akaja mbele ya mlango akasimama, si kuwazuia, ila kwa namna ambayo ingewabidi wamguse ili wapite. Kisha akanigeukia.

"Weye fundi! Weye umesoma. Sema!"

Nikasema. Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo tangu Papa Déo alipoliweka jalada langu la bluu chini ya betri. Niliwaeleza kwamba picha husafiri vipande vipande, kwamba vipande vikipotea njiani mwendo unakatika, na kwamba hata mwanajeshi wa gwaride angeonekana kilema kwenye rezo ile. Nikamaliza kwa sauti ya mtu mwenye shahada: ng'ombe ni mzima, kinachochechemea ni rezo. Wazee wakapiga makofi. Kofia zikarudi mezani. Mzee Kitoga alinipa mkono kwa mikono miwili.

Lakini Baba Mukubwa, tulipompata kwa simu ya kawaida, aliweka sharti: Jumamosi ijayo atamtazama ng'ombe yule yule mara moja tu. Akichechemea tena, habari imefungwa. Na Mzee Kitoga alisema la kwake: akiitwa mleta kilema mara ya pili, mtoto wake ataoa pengine.

Nilipokuwa nakunja waya, Neema alinifuata hadi kwenye geti.

"Papa fundi, sasa arusi yangu iko mu mikono yako."

"Haiko mu mikono yangu, mutoto wangu. Iko mu kebo."

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha jicho moja: la kushoto lilifumba kabisa, la kulia likabaki wazi, kama mtu anayelenga shabaha. Nilipanda pikipiki nikiwa naogopa kuliko siku yoyote ya mnara.

Jumatatu nilikuwa kwenye uzio. Tatizo halikuwa gumu kulieleza. Kofia Nyeupe walikuwa na antena nzuri iliyotazama kaskazini, juu ya tambarare ya Ruzizi, hadi Kiringye, lakini mlango wao wa kutokea duniani ulikuwa setilaiti ya zamani iliyogawanywa kwa mji mzima. Sisi tulikuwa tumepata fibre, ule uzi wa kioo unaobeba mwanga, na mlango wetu ulikuwa mpana, ila antena ya kufika Kiringye hatukuwa nayo. Wao walimfikia ng'ombe, sisi tuliifikia Kanada. Katikati palikuwa na uzio ambao mbuzi aliupita kila siku.

"Byamungu," nilisema, "unipe kebo moja."

"Nikupe kebo? Kofia ya Kijani imeishiwa kebo?"

"Ipitishe juu ya uzio. Jumamosi tu. Kuna ngombe anataka kwenda Kanada."

Nilimweleza. Alicheka mpaka akashika waya wa uzio. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu antena ya Kiringye aliifunga yeye.

"Kwa hiyo wanasema rezo yangu njo inalemaza ngombe ya watu?"

"Minye njo nilisema."

"Weye!" Akanitazama kama alivyonitazama nilipompita kwenye mtihani wa mwisho. "Nakupa hiyo kebo. Lakini wakubwa?"

Wakubwa walikuwa kesi ngumu kuliko mawimbi. Mkurugenzi wetu alikubali, ila wao watangulie kuomba. Wa kwao alikubali, ila sisi tutangulie. Jumanne na Jumatano zikaisha hivyo, kila mmoja akisubiri kuombwa. Alhamisi Mama Neema alivaa kitenge cha kanisani, akaingia ofisi moja na kutoka akaingia ya pili, akamwalika kila mkurugenzi kwa mdomo wake mwenyewe kwenye arusi ya binti yake, kiti cha mbele. Arusi haikuwepo bado. Kila mmoja alitaka kujua kama mwenzake atakuwepo. "Amesema atakuja," Mama Neema alijibu kote kuwili. Ijumaa kebo ilipita juu ya uzio.

Ndiyo hiyo mnayoiona hadi leo, ndani ya bomba jeupe lililopakwa rangi ya kijani nusu. Wiki iliyofuata hakuna aliyekuja kuiondoa, kwa sababu malalamiko yalikuwa yamepungua pande zote mbili, na wakubwa wakaja kupigana picha nayo. Baadaye ilikuja kampuni ya tatu na visahani vidogo vinavyosoma mbinguni bila mnara, na sote tukaanza kukimbia tena. Na mkimbie. Mteja anaponufaika na mbio zenu, msione aibu ya kuhema.

Jumamosi sebule ilijaa. Safari hii Byamungu mwenyewe alikwenda Kiringye kushika simu, maana hakumwamini mtu mwingine na heshima yake. Picha ilipofunguka, chumba kizima kilishusha pumzi. Sijawahi kuona picha kama ile Uvira. Majani yalitikisika moja moja. Kwenye sikio la ng'ombe nzi alikuwa anapangusa mikono yake, na tulimuona. Baba Mukubwa naye alikuwa ukutani upande wa pili, mvi, miwani, sweta, kila kitu mahali pake.

"Tembeza," akasema.

Mzee Rukema akavuta kamba. Ng'ombe akatembea. Mwendo laini, bila kuganda, bila kuruka. Hatua, hatua, hatua, bega likashuka. Hatua, hatua, hatua, bega likashuka.

Nilitazama ruta. Taa zote ziliwaka. Hakuna kipande kilichopotea.

"Fundi," Baba Mukubwa akaita. "Leo rezo iko muzuri?"

Watu wote waligeuka kunitazama. Nilitamani migomba ya Katogota iote pale sebuleni.

"Iko muzuri, Baba Mukubwa."

"Kabisa?"

"Kabisa."

"Basi hii ngombe iko inachechemea."

Mzee Kitoga alikuwa amesimama bila kujua. Aliisogelea televisheni, akaipigia kelele kana kwamba Kiringye iko ndani yake. "Rukema! Hii ngombe iko na nini?"

Mzee Rukema akainamia simu, uso wake ukajaa ukuta. "Iko na mwiba mu kwato. Tangu mvua."

"Na haukusema?"

"Muzee, mulisema ni rezo. Batu bote balisema ni rezo, hata wa masomo. Nikasema basi, ni rezo. Minye sijui mambo ya rezo."

Mama Neema alishika ukingo wa meza. Mzee Kitoga alivua kofia ambayo safari ya kwanza aliichukua ili aondoke.

"Mukubwa, unisamehe. Nilichagua ngombe kwa simu. Nilikuapia kitu sikukiona."

Mabega ya Baba Mukubwa yakaanza kutikisika. Nilidhani ni hasira. Kumbe alikuwa anacheka, na alipocheka kwa sauti, kicheko kiliruka kutoka Kanada hadi Kavimvira bila kukatika hata mara moja, na wazee wa pande zote mbili wakakipokea. Byamungu alicheka mpaka Kiringye yote ikatikisika ukutani.

"Minye mwenyewe nachechemea tangu banipasue," alisema akifuta miwani. "Mu ukoo huu kilema mumoja anatosha. Ile nyeusi iko nyuma ni ya nani?"

"Ni yetu."

"Mulete ile."

Mweusi aliletwa. Alikwenda, akarudi, akasimama akatazama simu kama mwenye shamba anayemtazama mgeni. Baba Mukubwa alimtaka ageuke. Akageuka.

"Hiyo njo ngombe," akasema. "Nimepokea. Ile ya mwiba mumutunze, kosa si lake. Sasa mugeuze kamera. Munionyeshe mutoto."

Vigelegele vilianzia jikoni. Pazia likafunguliwa na Neema akatoka, ameinamisha kichwa kama inavyotakiwa, akapiga magoti mbele ya kamera niliyoishika mwenyewe. Kwa miaka yote walikuwa wameongea kwa sauti tu, na picha zilizomfikia Baba Mukubwa zilikuwa za pasipoti na za mahafali, ambamo hakuna anayetikisika.

"Karibu, Baba Mukubwa," Neema akasema kwa heshima, macho chini.

Huko Kiringye Byamungu alikuwa amesahau kufunga simu. Sauti yake ikaingia sebuleni: "Rukema, ondosha ngombe, inakula antena yangu!"

Neema hakuweza kujizuia. Akainua uso akacheka, jicho la kushoto limefumba, la kulia linalenga shabaha.

Ukutani Baba Mukubwa aliganda. Mkono ulikuwa umefika nusu ya njia kwenda kwenye miwani, ukabaki hapo. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Nilihesabu pumzi zangu, nikasogea kwenye ruta.

"Baba Mukubwa, unatusikia?" Mama Neema aliita. "Fundi, rezo imekata!"

"Rezo iko," sauti ikasema, polepole. "Muniache kidogo. Yosua alikuwa anacheka vile."

Nilikuwa tayari nimenyoosha kidole kwenye kitufe cha kuzima na kuwasha. Nilikirudisha. Katika kazi yangu yote, hiyo ndiyo picha pekee iliyosimama na sikugusa kitu.